Dondoo muhimu: Ushuru unaponunua nyumba Kenya

Usimalize akiba yote kwenye bei ya nyumba.

• Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani. Nyumba ya mjini ya Sh8 milioni inadai Sh320,000 taslimu juu ya bei.

• Usiandike bei ya uongo. Mthamini wa serikali hukadiria thamani. Ikizidi bei mliyopatana, utalipa kwa makadirio yake.

• Ushuru wa faida ya mauzo ni wa muuzaji: asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Akitaka kukubebesha, kataa, na mkataba useme wazi nani analipa nini.

• Madeni ya zamani: dai vyeti vya kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi na ada za kaunti zimelipwa.

• Uliza kuhusu msamaha. Anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru wa stempu.

• Tunza risiti. Bila ushuru wa stempu kulipwa, hatimiliki haihamishwi kwa jina lako.