Kabla ya Mchujo wa Tamthilia

Wanachama wenzangu, wiki ijayo chama chetu kitafanya mchujo wa waigizaji wa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Nina somo dogo.

Mwaka jana niliitaka sana nafasi ya Sara. Nilikariri maneno yote, kisha nikayatoa kwa kishindo kama makanga anayeita abiria wa Kisumu hapa Maseno. Watu wakaangua kicheko, nafasi ikaniponyoka. Kumbe Sara ni mgonjwa! Mgonjwa hupumzika katikati ya sentensi.

Tena, maneno ya mabanoni ni maelekezo ya jukwaani: hayasomwi, hutendwa.

Basi kabla ya kukariri, jiulize: mimi ni nani, nasema na nani, nataka nini?

Mwaka huu narudi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.