Mbwa Abaki Bomani, Gunia Litoke Jikoni

Usiku wa Julai baridi ya Qurus, huku kwetu Karatu, haina huruma. Mbwa aliyeshinda na mbuzi mchana kutwa anajipenyeza jikoni, anajikunja juu ya gunia kando ya mafiga. Asubuhi mtoto anakalia gunia lile lile, anaota moto akisubiri uji. Hapo ndipo chafya zinapoanza.

Kwetu zilianza hivyo. Mwanangu wa pili alipiga chafya mfululizo, macho mekundu yakiwasha, kamasi jepesi kama maji, na usiku kifua kinalia kama filimbi. Majirani walisema ni baridi tu. Shangazi yake alitaka mbwa afukuzwe. Nilikataa, maana tuna mifugo zizini na fisi hawajahama Karatu.

Wengi hudhani tatizo ni manyoya. Sivyo. Mzio, au aleji kama tunavyoiita, huletwa na protini zilizomo kwenye mate ya mbwa, mkojo wake na vigamba vya ngozi visivyoonekana kwa macho. Akijilamba, mate hukauka kwenye manyoya na kupeperuka. Kwa hiyo mbwa wa manyoya mafupi si nafuu, na mbwa “asiyeleta aleji” usimlipie hata shilingi, kwa kuwa hakuna aina hiyo. Vichembe hivi hung'ang'ania nguo, mablanketi na godoro, na huweza kubaki ndani miezi kadhaa baada ya mbwa kuondoka. Ukimpeleka kwa jirani siku tatu na mtoto akaendelea kukohoa, bado hujathibitisha lolote.

Lakini usimhukumu mbwa haraka. Vumbi jekundu la kiangazi, moshi wa kuni, mende, utitiri uliojificha godoroni: vyote hivyo huleta dalili zinazofanana. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili saa ambayo chafya zinakuja na mtoto alikuwa wapi. Zikimjia kila akitoka kwenye gunia, au ngozi ikimvimba palipolambwa, una pa kuanzia. Baadhi ya hospitali kubwa hufanya kipimo cha ngozi, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Hata ukienda huko, beba daftari lako, litamsaidia daktari.

Kama mbwa ndiye, hamisha malazi yake kabla ya kununua chochote. Sisi tulimjengea kibanda kwa mbao na mabati chakavu karibu na zizi, sakafu imeinuliwa juu ya mawe, mlango hauelekei upepo, ndani nyasi kavu. Usiku wa kwanza alikwaruza mlango wa jiko hadi alfajiri, na bibi akamwonea huruma, akataka kumfungulia. Nyumba nzima lazima ikubaliane. Akiingizwa usiku mmoja tu, mnaanza upya. Chumba cha kulala asikikanyage kabisa, hata mchana, kwa sababu huko ndiko mtoto anakovuta hewa ile ile saa nane au tisa mfululizo.

Mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji sakafuni, na mgonjwa asishike ufagio. Akimchezea mbwa, anawe mikono na kubadili shati kabla ya kupanda kitandani. Kumwogesha mbwa mara mbili kwa wiki husaidia, ila vichembe hurudi baada ya siku chache, kwa hiyo kumwogesha mara moja kwa mwezi ni kupoteza maji. Maji yakiwa ya kubeba kwa punda, yaende kwanza kwenye mablanketi.

Kuhusu dawa, setirizini na loratadini hutuliza chafya na muwasho, na hazileti usingizi kama Piriton, ambayo humfanya mwanafunzi asinzie darasani. Kipimo cha mtoto kitolewe na mhudumu wa afya. Kifua kikibana au kulia filimbi, hiyo huenda ni pumu, na vidonge vya mzio haviitibu. Anahitaji kupimwa, na huenda akapewa pampu mbili: ya kuzuia, inayotumika kila siku hata akijisikia mzima, na ya salbutamol ya kufungua kifua. Mtoto mdogo hawezi kuivuta pampu vizuri peke yake. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na pampu kuchomekwa humo bila kuacha upenyo, hufanya kazi vizuri kama kifaa cha dukani cha kuvutia dawa (spacer). Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Ukiona mbavu zinazama ndani kila anapovuta pumzi, hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, mpe salbutamol mkiwa njiani kwenda hospitali. Amsha mwenye pikipiki au gari, msisubiri kupambazuke.