Safari ndefu ya gari: Jihadhari damu isigande miguuni

Huenda mwaka huu utamtembelea ndugu yako Hamburg, Ujerumani, kisha mwende kwa gari kupitia Austria hadi Roma, Italia. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Ipangeni kwa siku tatu, wala si moja.

Mtu akiketi zaidi ya saa nne bila kusimama, damu miguuni huenda polepole na yaweza kuganda. Donge hilo likifika mapafuni, linaweza kuua. Walio katika hatari zaidi ni wajawazito, wanene, wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Hao wamwone daktari kabla ya kuondoka.

Basi simameni kila baada ya saa mbili, mtembee kwa dakika 15 na mnywe maji. Dereva asimeze dawa za mafua au kichefuchefu zinazoleta usingizi.

Kama una kisukari au shinikizo la damu, beba dawa za kutosha katika pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Insulini usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Bima ya matibabu inayotakiwa kwa viza ya Schengen ni ya angalau yuro 30,000. Hakikisha inakubalika katika kila nchi mtakayopitia.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, hata wiki kadhaa baada ya safari, usingoje. Huko piga simu 112. Ukiwa umerudi nyumbani, kimbilia hospitali.