Kinubi: Ala ya Nani?

Katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya Same, chini ya milima ya Upare, tulimwona mwanachuo akigawa kazi katika somo la muziki: wavulana wapige ala, wasichana waimbe na kupiga makofi. Msichana mmoja aliomba kujaribu kinubi. Alichekwa, akaketi, na hakunyoosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Tukitazame kinubi chenyewe. Ennanga ya Waganda, yenye nyuzi nane, ilikuwa ala ya wanaume waliompigia Kabaka. Huko Ulaya kinubi kimezoeleka kuwa ala ya wanawake. Hata hivyo Anna Lelkes alikipiga katika okestra ya Vienna Philharmonic kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupewa uanachama kamili mwaka 1997. Nako Dodoma, wanawake wa Kigogo ndio wapigao ngoma za muheme.

Mwalimu asiwahubirie watoto haya. Mahubiri huishia mlangoni. Atengeneze kinubi kwa bakuli la mti, ngozi ya mbuzi, kijiti kilichopinda na mshipi wa nailoni kama wa wavuvi wa Nyumba ya Mungu. (Kamba ya katani tuliijaribu, haikulia vizuri.) Atundike khanga, kisha mvulana na msichana waliofundishwa wimbo mmoja wapige nyuma yake kwa zamu, na darasa liandike ni nani anayepiga.

Tulifanya hivyo katika darasa lile lile. Aliyeanza kupiga alikuwa yule msichana. Wengi waliandika: mvulana.