Maswali na Majibu: Tahadhari za Dhoruba ya Radi Zanzibar

1. Wingu la radi hujengekaje kisiwani?
Jua huipasha ardhi moto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa baharini huingia na unyevu wake kushika nafasi. Mvuke ukipanda hupoa na kuwa matone, na hapo hutoa joto linalozidi kuisukuma hewa juu. Katika tropiki kilele cha wingu huweza kupita kilomita 15. Huko juu vipande vya barafu hugongana na kutenganisha chaji za umeme.

2. Nani hutoa tahadhari, na rangi zake zina maana gani?
Ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa kuandika kwamba rangi hupima wingi wa mvua. Soma taarifa yenyewe: ina mstari wa "uwezekano wa kutokea" na mwingine wa "kiwango cha athari". Rangi hutokana na yote mawili. Mvua ileile inaweza kuwa na athari ndogo shambani na kubwa mjini, kwenye nyumba za bondeni.

3. Kwa nini upepo mkali hutangulia mvua?
Mvua inaposhuka ndani ya wingu huburuta hewa na kuipoza. Hewa hiyo nzito hugonga bahari, kisha hutawanyika mbele ya wingu. Mvuvi wa ngalawa anayengoja tone la kwanza ndipo ashushe tanga amechelewa.

4. Umeme umemulika, ngurumo imesikika baada ya sekunde 12. Radi iko umbali gani?
Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde: 340 × 12 = mita 4,080, yaani kama kilomita 4. Usiishie hapo, andika pia kwamba umbali huo si salama, kwani radi huweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mahali penye mvua.

5. Wakulima wa mwani wako ufukweni Paje, maji yamekupwa, ngurumo inasikika. Wafanye nini?
Waache kamba na vigingi, waondoke majini mara moja. Kwenye tambarare ile mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Wasijikinge chini ya mnazi wala kwenye banda la makuti. Waingie nyumba imara au gari lililofungwa madirisha. Wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwani utasubiri.

6. Tahadhari ya dhoruba ya radi ina tofauti gani na ya kimbunga?
Muda. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika pwani, vyombo vikapata nafasi ya kukaa bandarini. Wingu la radi huweza kukomaa ndani ya saa moja. Taarifa ya asubuhi humwambia nahodha kwamba hatari ipo leo. Saa na mahali hasa atavijua kwa kutazama mawingu.