Kutambua Dalili za Matatizo ya Miti: Mchungwa na Mkorosho

Mtahiniwa, dalili moja inaweza kuwa na visababishi vingi. Wengi wakiona neno "kunyauka" huandika "ukosefu wa maji", nao hupoteza alama. Mkulima anayekosea hivyo hupoteza mti. Kabla ya kujibu, jiulize maswali matatu.

1. Ni majani yapi yameathirika?
Naitrojeni huhama ndani ya mmea. Ikipungua, mti huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga. Kwa hiyo majani ya zamani hutangulia kuwa ya njano. Madini ya chuma hayahami kwa urahisi. Yakipungua, majani machanga ndiyo huwa ya njano, huku mishipa yake ikibaki ya kijani.

2. Udongo ukoje?
Chimba kidogo karibu na mizizi. Mchungwa ulionyauka kwenye udongo mkavu unahitaji maji. Ulionyauka kwenye udongo uliotuamisha maji una mizizi iliyokosa oksijeni, hivyo inashindwa kufyonza maji. Ukiumwagilia tena utauua. Chimba mfereji wa kutoa maji.

3. Je, kuna alama ya mdudu au kuvu?
Unga mweupe kwenye majani machanga na maua ya mkorosho ni dalili ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaodhibitiwa kwa salfa. Vidonda vyeusi kwenye machipukizi, bila unga, ni dalili ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu. Huyu hudhibitiwa kwa kiuatilifu cha wadudu. Salfa si dawa yake.

Swali la mfano
Michungwa iliyo bondeni imenyauka baada ya mvua nyingi. Ile ya mlimani, iliyopandwa siku moja nayo, ni mizima. Eleza kisababishi na upendekeze hatua moja. (Alama 4)

Jibu
Maji yametuama bondeni (1). Yamejaza nafasi za hewa kwenye udongo, mizizi ikakosa oksijeni (1), ikashindwa kufyonza maji (1). Mkulima achimbe mifereji ya kutoa maji (1).

Angalizo: Swali halikutaja neno "oksijeni". Limekupa bonde, mvua na miti mizima ya mlimani. Pigia mstari maneno kama hayo kabla ya kuandika jibu lako.