Damu Yangu Imepungua, Nile Nini?

Itumbe ni nchi ya majani chai. Kiwanda cha KTDA kiko papo hapo, na kikombe cha chai ya maziwa huandamana na viazi vitamu vya asubuhi na hata ugali wa jioni. Nyuma ya jikoni kumemea chinsaga, managu na enderema, mboga zenye madini ya chuma ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Kwa hiyo anayeambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua ana haki ya kushangaa.

Mboga nakula kila siku, mbona damu haitoshi?

Chuma kilichomo katika mboga, maharagwe na wimbi huingia mwilini kwa shida, na chai huongeza shida hiyo. Ule ukali unaokausha ulimi hutokana na tanini. Tanini hushikamana na chuma tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Chai ikinywewa pamoja na mlo wa mboga, inaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kuitia maziwa hakusaidii.

Hakuna haja ya kuacha chai. Kula kwanza, ngoja saa moja au mbili, ndipo unywe. Penye chai weka pera, chungwa au kipande cha papai, kwa sababu vitamini C hurahisisha kazi ya kufyonza chuma. Inasikitisha kuona mapera yakiozea chini ya mti huku mama wa boma hilo akipata kizunguzungu kila akiinuka.

Chinsaga ipikwe vipi?

Wengi huichemsha kwa muda mrefu, wakamwaga maji ili uchungu upungue, kisha wakatia maziwa. Chuma hakiharibiwi na moto, lakini vitamini C na foleti hupotea, na foleti pia ni ya kutengenezea damu. Chuma majani machanga, yaoshe kabla ya kuyakata, tumia maji kidogo na ufunike sufuria. Uchungu ukizidi, changanya na enderema au mchicha. Ukishaepua, kamulia ndimu.

Na kama nyama hatuimudu?

Nunua omena. Hata kikombe kimoja kikitiwa kwenye mboga ya familia nzima, chuma cha samaki hufyonzwa kwa urahisi na husaidia kile cha mboga kuingia. Omena pia ina vitamini B12, ambayo haipatikani katika mboga yoyote ya shambani. Maini ni mazuri sana, ila mjamzito asiyale mara kwa mara, kwani vitamini A ikizidi yaweza kudhuru mtoto tumboni.

Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe chuma, zinki, foleti na vitamini A. Unga unaosagiwa posho mill ya kijijini hauna nyongeza hiyo. Anayeutumia auchanganye na wimbi, na uji auchachushe, maana kuchacha huachilia chuma kilichofungwa ndani ya nafaka.

Natamani kula mawe. Ni vibaya?

Mawe laini yanayouzwa sokoni, odowa, hutamaniwa sana na wajawazito, na hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Mawe hayaongezi damu. Yanaweza kuzuia chuma, na mengine hubeba madini ya risasi yenye sumu. Mwenye hamu hiyo asichekwe wala kukaripiwa. Apelekwe kupimwa damu.

Chakula kitatosha?

Si kila mara. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, safura hunyonya damu utumboni, na hedhi nzito huipunguza kila mwezi. Hapo chanzo ndicho kitibiwe. Mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu. Kliniki za Kenya humpa kila mjamzito kidonge cha kila siku chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Ukimeze kwa maji, usikimeze kwa chai. Choo kikiwa cheusi, usishtuke, ni kawaida. Vidonge hivyo vifungiwe mbali na watoto, kwani vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Mtu anayehema akiwa amekaa, moyo ukimwenda mbio na viganja vimepauka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.